Rika Letu na Somo la Kupokea Pigo

Sisi tuliozaliwa mji huu ungali unaitwa Stanleyville tulijifunza kupokea pigo kabla ya kujifunza kusoma. Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, wengi wetu tulikuwa watoto wa kubebeshwa wadogo zetu mgongoni na kukimbizwa msituni, au kuvushwa mto kwa mtumbwi kwenda Lubunga usiku. Miaka mitatu baadaye, mamluki walipoasi, tulikimbia tena kwa njia zilezile. Tukakua, tukaoa na kuolewa, tukalea. Na Juni 2000, majeshi mawili ya kigeni yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu, tulilala sakafuni tukiwafunika watoto na wajukuu kwa miili yetu. Rika lililopitia hayo halishtuki likimwona kijana ameanguka uwanjani. Ndiyo maana ninyi vijana mnapotuambia kwamba siku hizi kuna sheria za kumkataza mtoto asipige mpira kwa kichwa, au asigongwe na mwenzake kabla hajafika umri fulani, wengi wetu hunyamaza kwa heshima, lakini moyoni hujiuliza kama mnalea watu au mnalea mayai. Nimelibeba swali hilo muda mrefu, nikiwa mwanamke aliyecheza ujanani na kufundisha michezo katika shule za mji huu hadi kustaafu, na naona rika langu linapaswa kulijibu kwa sauti yake, badala ya kuwaachia wengine wajibu kwa niaba yetu.

Zamani hakuna aliyegawa uwanja kwa umri. Katika mitaa ya Mangobo, Kabondo na Tshopo, wavulana wa miaka 9 walicheza na wa miaka 16, miguu mitupu, juu ya udongo mwekundu unaochuna ngozi wakati wa jua na kuteleza kama sabuni baada ya mvua. Mpira waliutengeneza wenyewe kwa utomvu uliokauka wa miti ya mpira, na ulidunda kwa ukali uliomtoa mtu machozi ukimpata usoni. Aliyebahatika kuchezea mpira halisi wa ngozi aliukuta umekunywa mvua, na hapa kwetu mvua haina msimu wa kupumzika. Kuupiga kwa kichwa kulikuwa kama kupokea gogo. Aliyesukumwa akaanguka alisimama. Aliyelia aliambiwa aende kwa mama yake. Sisi wasichana tulikuwa na nzango yetu, tukiimba, tukipiga makofi na kurusha miguu, mchezo wenye kasi na hesabu kali za miguu lakini usio na bega linalogongana na bega. Baadaye, kwa waliofika sekondari, ukaja mpira wa kikapu na mpira wa mikono, na hapo ndipo tulipoonja kwa mara ya kwanza kiwiko cha mwenzako kifuani. Nakiri kwamba tulikipenda. Kulikuwa na heshima katika kusimama imara mbele ya mtu anayekuja kwa nguvu zake zote, naye akakuta hujasogea.

Ila kumbukumbu ya haki inanilazimisha kusema pia kwamba hata katika maisha yetu sheria hazikusimama palepale. Tulipokuwa watoto mwamuzi wa Kombe la Dunia hakuwa na kadi ya njano wala nyekundu mfukoni. Zilianza kutumika Mexico mwaka 1970, na katika mashindano yayo hayo ndipo timu ziliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kumwingiza mchezaji wa akiba. Kabla ya hapo aliyevunjika aliendelea kuchechemea, au timu yake ilibaki pungufu. Vikinga vya ugoko vikawa lazima mwaka 1990. Mwaka 1998 waamuzi wakaagizwa kumtoa nje anayemvamia mwenzake kutoka nyuma kwa namna ya kuhatarisha mwili wake. Kila mara wazee wa wakati ule walisema mchezo umekufa, umekuwa wa kike, na waliosema hivyo walikuwa wakitutukana sisi bila kujua. Mchezo haukufa. Mabeki wakajifunza kusoma njia ya mpira badala ya kusubiri kifundo cha mguu, na washambuliaji wenye ufundi wakadumu uwanjani miaka mingi zaidi.

Mahali ambapo swali hili la umri wa mtoto kupokea pigo limepimwa kwa makini kuliko pengine popote ni katika mchezo ambao watu wachache wa Tshopo wamewahi kuuona, nao ni hoki ya barafuni. Msidhani uko mbali mno nasi. Nairobi kuna kiwanja cha barafu ndani ya hoteli ya Panari tangu mwaka 2005, na vijana wa Kenya, wa kiume na wa kike, hucheza hapo. Wachezaji huteleza kwa viatu vyenye chuma, wakikigombania kwa fimbo kisahani cha mpira mgumu, na katika mchezo wa wanaume wazima inaruhusiwa kumgonga kwa bega au nyonga mtu mwenye kisahani ili umtenge nacho. Pigo hilo ni ufundi halali wenye masharti yake. Anayegonga kichwa, au anayemgonga mtu kutoka nyuma, huadhibiwa. Wakanada walibishana miaka mingi kuhusu umri wa kuanza kuwaruhusu watoto. Jimbo la Quebec liliwakatalia wa miaka 11 na 12, jimbo la Alberta liliwaruhusu, na tofauti hiyo ikawapa watafiti njia ya kulinganisha. Walifuatilia watoto zaidi ya 2,000 katika msimu wa 2007 hadi 2008, na mwaka 2010 wakatoa majibu: katika Alberta majeraha ya mechi yalikuwa mara tatu zaidi, na mtikisiko wa ubongo karibu mara nne. Mwaka uliofuata Marekani ikasogeza ruhusa mbele hadi miaka 13, na mwaka 2013 Kanada nzima ikakataza pigo hilo kwa walio chini ya umri huo.

Vijana, hapo msikimbilie kushangilia, maana watafiti walewale waliendelea kuuliza, na waliyoyaona baadaye yanalipa rika letu haki yake. Watoto walipovuka na kuingia daraja la miaka 13 na 14, ambako kugonga kunaruhusiwa kwa wote, waliokwisha kuzoea tangu wadogo hawakuwa salama zaidi kwa jumla wala kwa ubongo, lakini majeraha makubwa, yale ya kumweka mtu nje zaidi ya juma zima, yalikuwa machache kwao kwa karibu theluthi moja. Maana yake, kupokea pigo ni elimu. Mwili usiofundishwa kutega bega, kupiga goti kidogo, kuinua kichwa na kumtazama anayekuja, utavunjika siku ya kwanza utakapokutana na mwili mwingine, iwe ni katika miaka 13 au 20. Kukataza bila kufundisha ni kuiahirisha tu ajali. Walioelewa hili hukataza pigo lenyewe kwa mtoto, huku wakimfundisha mapema namna ya kusimama, kugusana, kulinda mpira kwa mwili na kuanguka. Hilo la kuanguka sisi tulilijua. Mtoto wa Wagenia anayekulia kando ya maporomoko, kati ya nguzo za mitego ya samaki na maji yanayochemka, hajifunzi kuteleza siku anapoanza kuvua; anafundishwa miaka mingi kabla, kwenye maji madogo, na mtu mzima akiwa karibu.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu wa rika hawapendi kulisikia. Uvumilivu wetu ulitujenga, lakini haukumjenga kila mtu, na tunaosimulia leo ni wale waliobaki. Mwaka 2019 madaktari wa Glasgow, Uskoti, walitoa hesabu yao baada ya kulinganisha vifo vya wanaume zaidi ya 7,600 waliokuwa wachezaji wa soka wa kulipwa na vya watu wa kawaida mara tatu ya idadi hiyo. Wachezaji walikufa mara tatu na nusu zaidi kwa maradhi ya kuharibika ubongo, yale yanayomfanya mzee asahau jina la mwanawe. Sisi huku, mzee akianza kupotea njia ya nyumbani, tunasema ni umri, na wengine, kwa aibu ya mji wetu, husema ni uchawi. Hakuna anayemuuliza alipiga mipira mingapi kwa kichwa chini ya mvua. Marekani tangu mwisho wa mwaka 2015 imewazuia watoto wa miaka 10 na chini yake wasipige vichwa, na Februari 2020 Uingereza, Uskoti na Ireland ya Kaskazini zikaagiza wanafunzi wa shule za msingi wasifundishwe vichwa mazoezini. Nikiyatazama hayo naona kwamba wakubwa wa huko wamefanya lile ambalo mtu mzima huwafanyia wadogo wake: wamebeba mzigo wa kuamua kwa niaba ya asiyeweza bado kuamua. Shingo ya mtoto ni nyembamba, kichwa chake ni kizito kwa mwili wake, na yeye hana ujuzi wa kukataa, kwa sababu anataka kumpendeza kocha na kaka zake. Ukali wa maisha tuliyopitia haunipi ruhusa ya kumkabidhi mjukuu wangu maradhi ya uzeeni kabla hajamaliza shule.

Lakini mtoto ni kitu kimoja na mwanamke ni kitu kingine, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini zaidi, hasa ninyi viongozi wa michezo. Kwa miaka mingi waandishi wa sheria waliwaweka watoto na wanawake katika mstari mmoja. Kitabu cha sheria za soka chenyewe kilikuwa na ukurasa ulioruhusu kupunguza ukubwa wa uwanja, uzito wa mpira na muda wa mechi kwa walio chini ya miaka 16, kwa wazee, kwa wenye ulemavu na kwa wanawake. Mwanamke mwenye miaka 25, mama wa watoto wawili, aliorodheshwa pamoja na mtoto wa shule! Kombe la kwanza la Dunia la wanawake, China mwaka 1991, lilichezwa kwa dakika 80, kana kwamba dakika kumi za mwisho zingetuua. Ni mwaka 2017 tu ndipo waliotunga sheria hizo walipoliondoa soka la wanawake katika orodha hiyo na kulipa hadhi sawa na la wanaume. Hoki ilipita njia hiyohiyo. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake, Ottawa mwaka 1990, yaliruhusu kugongana kwa mabega. Baadaye ruhusa ikafutwa, na kizazi kizima cha wanawake kikacheza chini ya katazo lililoandikwa kwa jina la kuwalinda. Mwaka 2022 ligi kuu ya wanawake ya Uswidi ikaamua kuirudisha ruhusa hiyo, kwa mafunzo na kwa uangalizi.

Neno hilo la kulinda, sisi wanawake wa rika hili tulilisikia sana. Tulilindwa tusicheze mpira wa miguu kwa sababu tumbo litaharibika. Tulilindwa tusivae suruali, na enzi za Zaire ikawa ni amri ya serikali. Hata hivyo, mama zetu na sisi wenyewe tulitoka shambani na kitunga mgongoni, kamba ikiwa imekaza kwenye paji la uso, muhogo na kuni na mtoto juu yake, kilomita nyingi kwa njia za matope, na hakuna aliyeitisha mkutano kuilinda shingo ya mwanamke. Shingo hiyo iliyokuwa dhaifu uwanjani ilikuwa na nguvu za kutosha njiani. Basi niruhusuni kuamini kwamba katazo lile halikuhusu shingo. Mwanamke aliyekomaa, aliyefundishwa vema na anayejua hatari ya mchezo wake, ana haki ya kuichagua hatari hiyo kama mumewe na kaka yake wanavyoichagua ya kwao. Mpira wa kikapu ulilijua hili zamani. Mpira wetu ni mdogo kidogo kuliko wa wanaume, lakini sheria za kugusana ni zilezile, kiwiko ni kiwiko, na kwa sheria hizo wanawake wa Zaire walitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1983, wakarudia 1986 na 1994, kisha wakaenda Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996. Mwadi Mabika, aliyekulia Kinshasa, alikwenda kucheza katikati ya miili mikubwa ya Marekani na akawa bingwa wa ligi yao na Los Angeles Sparks mwaka 2001 na 2002. Na Novemba 2024 mabinti wa TP Mazembe walipoifunga AS FAR ya Morocco ugenini na kuwa mabingwa wa vilabu vya Afrika, walicheza dakika 90 kamili, bega kwa bega, na hakuna aliyewapunguzia kitu. Siku hiyo wanawake wenye umri wangu tulisimama majumbani mwetu kama vile tumeshinda kesi.

Kama kweli mnataka kumlinda binti, tazameni anapoumia. Wasichana wanaocheza soka na mpira wa kikapu hukatika kano ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na mara nyingi hakuna aliyewagusa: aliruka akatua vibaya, au aligeuka ghafla mguu ukabaki nyuma. Hakuna katazo la kugongana litakaloliponya goti hilo. Dawa yake ni mazoezi. Kuna utaratibu wa kupasha mwili moto uliosambazwa na FIFA, unaoitwa 11+, dakika kama 20 za kukimbia, kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua kwa goti lililokunjwa kidogo, likifuata mstari wa vidole bila kuingia ndani. Ulipojaribiwa Norwei kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008, majeraha kwa jumla yalipungua karibu theluthi moja na yale makubwa karibu nusu. Hauhitaji kifaa chochote. Unahitaji mwalimu anayefika kabla ya mechi kuanza, na huyo mji huu unaweza kumpata.

Najua mtasema: koko, bibi yetu, sheria za umri tutazifuataje hapa, ambapo nusu ya timu haina cheti cha kuzaliwa na mchezaji wa miaka 15 ana ndevu? Ni kweli. FIFA wenyewe, tangu Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 la mwaka 2009, hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine kubwa ili kujua nani amevuka umri, na mashine hiyo hatutaingojea pembezoni mwa Stade Lumumba. Ila jibu letu tulikuwa nalo kabla ya mashine. Katika mieleka ya vijijini, mzee aliyesimamia aliwasimamisha wawili bega kwa bega, akawatazama urefu na unene wa shingo, na asiyelingana na mwenzake alirudishwa kukaa, hata kama walizaliwa mwezi mmoja. Leo baadhi ya shule za soka za Uingereza zinafanya jambo hilohilo, zikiwapanga watoto kwa ukomavu wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa, na wanaliita jambo jipya. Cheti kinaweza kughushiwa, bega haliwezi.

Linalotupungukia zaidi ya vyeti ni waamuzi. Wazee wenzangu wanaikumbuka Juni 1974 kule Ujerumani Magharibi, tulipofungwa mabao tisa na Yugoslavia huku Ndaye Mulamba, aliyekuwa ametoka kufunga mabao tisa katika Kombe la Afrika mwaka huohuo, akitolewa nje kwa kosa la mwenzake. Aliyempiga teke mwamuzi alibaki uwanjani. Kama katika Kombe la Dunia jicho la mwamuzi liliweza kukosea mtu, fikirini mechi ya likizo huko Mangobo, ambako mwamuzi ni kaka wa mmoja wa wachezaji, hana msaidizi, na umati umesimama ndani ya mstari. Mtoto akigongwa kichwa hapo, akiinuka macho yakiwa mekundu na hajui anashambulia upande gani, watu hummwagia maji na kumpigia makofi arudi. Makofi hayo ni yetu. Ni rika langu lililoyafundisha, na ni rika langu linalopaswa kuyazuia, kwa sababu kijana mwenye filimbi hawezi kumkatalia umati peke yake, lakini mzee akisimama na kusema mtoto huyu leo hachezi tena, umati hunyamaza.

Kwa hiyo tuna neno na makocha wa mitaa kabla ya mashindano ya likizo ijayo. Watoto wapangwe kwa mabega, na walio wadogo wasipige vichwa wala kugongana, lakini wafundishwe kusimama na kuanguka kila siku ya mazoezi. Aliyegongwa kichwa atoke na asirudi siku hiyo, hata kama ndiye mfungaji. Mabinti waliokomaa wacheze sheria kamili, uwanja kamili na dakika kamili, na wapewe uwanja saa za jioni jua likipungua, badala ya kuachiwa saa saba mchana wavulana wakiwa wamepumzika. Sisi tutaleta viti vyetu na kukaa kwenye mstari wa katikati, mechi ya wavulana na ya wasichana sawasawa, na tutakuwepo hadi filimbi ya mwisho.